Mitambo ya kandanda isiwe kichaka cha kujifichia



Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini, na ni mpenzi wa kandanda tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, ambako nilikuwa nikicheza namba tatu. Jambo linalonikera ni jinsi Ligi Kuu ya Uingereza inavyoitumia ile video ya kuwasaidia waamuzi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la VAR, pamoja na tabia ya klabu za huko kuwafukuza makocha kila kukicha. Watu huyazungumza mambo haya mawili mbalimbali. Kwa maoni yangu ni chanda na pete.

Najua wapo watakaoniuliza: Mwalimu, mambo ya Waingereza yanakuhusu nini, na hapo shuleni kwako madawati hayatoshi? Swali hilo ni la haki. Lakini atakayefika hapa siku ya Jumamosi jioni ataona kibanda umiza kimejaa hadi watoto wanachungulia kwenye matundu ya bati. Wanafunzi wangu wanawajua makocha wa London kuliko wanavyowajua wakuu wa mikoa. Wanayoyaona pale wanayachukua kuwa ndiyo haki. Kwa hiyo yananihusu.

Isitoshe, msimu ule wa 2019/20, ambao ndio wa kwanza VAR kutumika katika Ligi Kuu ya Uingereza, ulituhusu sisi Watanzania kwa namna ya pekee. Mwezi Januari 2020 ndugu yetu Mbwana Samatta alitoka Genk ya Ubelgiji akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Tarehe 1 Februari akafunga bao lake la kwanza, ugenini kwa Bournemouth, ingawa Villa walilala mabao 2-1. Tangu siku hiyo kibanda chetu chote kikawa Villa. Hata wazee ambao hawakuwahi kuulizia habari za mpira walikuwa wakiuliza, "Villa wako nafasi ya ngapi?" Na nafasi yenyewe ilikuwa mbaya, walikuwa wanachungulia kushuka daraja.

Sasa nawaomba wasomaji wanifuate hadi tarehe 17 Juni 2020. Ligi ilikuwa imesimama tangu Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na siku hiyo ndipo ilipoanza tena, bila watazamaji uwanjani. Shule zetu hapa nyumbani zilikuwa bado zimefungwa. Villa walikuwa nyumbani, Birmingham, wakipambana na Sheffield United. Karibu na mapumziko Sheffield wakapiga mpira wa adhabu, mlinda mlango wa Villa, Ørjan Nyland, akaudaka, lakini akarudi nao nyuma hadi akavuka mstari wa goli akiwa ameukumbatia. Sote tuliuona. Televisheni ilirudia picha, na mpira ulikuwa ndani mzima mzima.

Wachezaji wa Sheffield wakamkimbilia refa. Refa akawaonyesha saa yake ya mkononi. Kwani kule upo mtambo wa kamera unaotazama mstari wa goli, ulioanza kutumika katika Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na mpira ukivuka mstari saa ya refa hutoa ishara. Siku hiyo saa haikutoa ishara yo yote. Wale wa VAR waliokuwa mbele ya video nao walikuwa na uwezo wa kulitazama jambo hilo, lakini hawakuingilia kati. Mechi ikaisha 0-0. Baadaye kampuni yenye mtambo iliomba radhi, ikaeleza kwamba kamera zake zote saba zilizibwa na mlinda mlango, beki na mwamba wa goli.

Mhariri, nakiri mbele ya wasomaji kwamba pale kibandani tulishangilia. Tulipigana mabega. Mimi mwenyewe nilisimama juu ya benchi. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nne akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, si umeona limeingia?" Nikamjibu, "Refa ndiye mwenye kauli." Akanyamaza, maana ni mwalimu wake aliyesema. Jibu hilo limenisumbua tangu siku hiyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tuone yaliyofuata. Ligi ilipomalizika tarehe 26 Julai, Villa walikuwa na pointi 35. Bournemouth na Watford walikuwa na pointi 34 kila mmoja, wakashuka pamoja na Norwich. Kama bao lile lingehesabiwa na mengine yote yangebaki vile vile, Villa wangekuwa na pointi 34, na kwa tofauti ya mabao Bournemouth wangekuwa juu yao. Sisemi kwamba ingekuwa hivyo kwa hakika, kwani kipindi kizima cha pili kilikuwa hakijachezwa, na timu iliyofungwa huweza kusawazisha. Nasema tu kwamba pointi ile moja ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa.

Je, nani aliyelipa? Mtambo haukulipa. Waliokuwa mbele ya video hawakulipa. Siku chache baada ya Bournemouth kushuka, kocha wao Eddie Howe aliachana na klabu hiyo kwa makubaliano. Huyu ndiye aliyeitoa timu ile katika madaraja ya chini hadi ikaingia Ligi Kuu mwaka 2015. Ni kweli timu yake ilipoteza mechi nyingi msimu ule na lawama nyingine zilikuwa zake. Lakini mizani ilipokuwa imebakiza pointi moja, kila punje ina uzito wake.

Watford nao wana kisa chao. Mwezi Mei 2019 kocha wao Javi Gracia alikuwa amewafikisha fainali ya Kombe la FA. Mwezi Septemba mwaka huo huo, baada ya mechi nne tu za ligi, wakamfukuza. Wakamleta Quique Sánchez Flores, naye akafukuzwa tarehe 1 Desemba. Akaja Nigel Pearson. Huyu aliikuta timu mkiani kabisa akaanza kuinyanyua, na tarehe 29 Februari 2020 akaifunga Liverpool mabao 3-0, Liverpool ile ile iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja ya ligi msimu huo. Zikabaki mechi mbili msimu uishe, Watford wakiwa nje ya eneo la kushuka kwa pointi tatu, naye akafukuzwa. Mechi hizo mbili wakafungwa zote, wakashuka. Makocha watatu walifukuzwa katika msimu mmoja, na timu haikupona! Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Sasa ndipo ninapoona chanda na pete. Katika kandanda ya leo ya Uingereza, kosa la mwamuzi lina mahali pa kujificha. Likitokea, utaambiwa mtambo haukutoa ishara, au sheria hairuhusu kurudi nyuma, au picha haikuonyesha kosa lililo wazi. Kosa la kocha halina pa kujificha hata kidogo. Timu ikifungwa, hata kwa bao la kimakosa, jedwali la ligi halina safu ya kuandika "tulionewa". Huandika pointi tu, na mwenye klabu husoma pointi hizo hizo.

Atakayebisha atazame mechi ya Tottenham na Liverpool ya tarehe 30 Septemba 2023. Luis Díaz wa Liverpool alifunga bao safi, mshika kibendera akainua kibendera kwamba ameotea. Mtu wa VAR akatazama picha akaona hakuotea. Lakini alisahau kwamba uwanjani bao lilikuwa limekataliwa. Yeye alidhani limekubaliwa. Akasema uchunguzi umekwisha, Tottenham wakapiga mpira wa adhabu, mchezo ukaendelea. Mara tu baada ya hapo wenzake wakagundua kosa wakataka mchezo usimamishwe. Jibu likawa kwamba hakuna la kufanya, kwa kuwa mchezo umeshaanza tena. Liverpool, waliomaliza wakiwa tisa baada ya kadi mbili nyekundu, wakafungwa 2-1 kwa bao la kujifunga wenyewe dakika ya 96. Chombo cha waamuzi kilikiri usiku ule ule kwamba lilikuwa kosa kubwa la kibinadamu, na siku tatu baadaye sauti za mazungumzo yao zikatolewa hadharani.

Waamuzi wawili wa video wa siku hiyo waliondolewa katika mechi zilizokuwa zikifuata, na baadaye wakarudi kazini. Mimi siwalaumu waliowarudisha. Kosa moja haliachi mke. Mtu mwenye ujuzi wake akikosea, aonywe, afundishwe, arudi kazini. Ninachouliza ni hiki: huruma hiyo mbona inaishia kwa waamuzi na haimfikii kocha?

Ndugu wasomaji, niruhusuni niseme jambo langu mwenyewe. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 2023 nilisahihisha mtihani wa hisabati wa darasa la sita. Katika kuhamisha alama kwenye orodha, mtoto mmoja wa kike aliyepata 86 nikamwandikia 68. Orodha ikabandikwa ukutani, wazazi wakaitwa, watatu wa kwanza wakapewa madaftari ya zawadi mbele ya mkutano, naye hakuwamo. Kesho yake akaniletea karatasi yake, ameikunja vizuri, akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, naomba uniangalizie." Nikaangalia. Nikaona. Na maneno yaliyonitoka kinywani yalikuwa haya: "Matokeo yameshabandikwa." Akaitikia, "Ndiyo mwalimu," akaenda zake.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimetoka kuilaani VAR kibandani wiki mbili nzima, na mimi nimefanya yale yale. Mchezo umeshaanza, hakuna la kufanya. Asubuhi paredi nikasimama mbele ya shule nzima, nikasema kosa ni langu, nikataja alama zake za kweli, na orodha nikaiandika upya. Madaftari waliyopewa wenzake sikuyanyang'anya, nilinunua mengine manne dukani kwa fedha yangu. Nilihofu kwamba watoto wataanza kunidharau. Wapi! Kilichotokea ni kwamba wiki ile wanafunzi watatu walikuja wenyewe kuniambia nimewapa alama zaidi ya haki yao. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona jambo kama hilo.

Turudi Uingereza. Kocha wa Tottenham siku ile ya Septemba 2023, aliyeondoka na ushindi, alikuwa Ange Postecoglou. Tarehe 21 Mei 2025 aliiletea klabu hiyo Kombe la Europa kwa kuifunga Manchester United 1-0. Tarehe 6 Juni, hata majuma matatu hayajapita, akafukuzwa kwa sababu katika ligi walimaliza nafasi ya 17. Mwezi Septemba mwaka huo akachukuliwa na Nottingham Forest. Akakaa siku 39 tu. Alifukuzwa tarehe 18 Oktoba mara tu baada ya kufungwa na Chelsea 3-0, mechi yake ya nane bila ushindi. Mwalimu mgeni akihamia shule, siku 39 hazimtoshi kuyajua majina ya watoto wa darasa lake.

Ni Forest hao hao ambao mwezi Aprili 2024, baada ya kufungwa na Everton 2-0 na kunyimwa penalti tatu walizozidai, walitoa taarifa hadharani kwamba mtu wa VAR ni shabiki wa Luton, timu waliyokuwa wakigombania nayo kubaki katika ligi. Walitozwa faini ya pauni 750,000. Faini ilikuwa halali, kwani kumshuku mtu uaminifu wake bila ushahidi ni jambo baya. Lakini tazameni jinsi wenye klabu wanavyojua kulia wakionewa wao, na jinsi wasivyongoja hata miezi miwili pale kocha anapohitaji kusikilizwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wazee wa kibandani hupenda kumtaja Alex Ferguson. Aliingia Manchester United Novemba 1986, na kombe lake la kwanza, Kombe la FA, alilipata mwaka 1990, msimu ambao katika ligi walimaliza nafasi ya 13. Angekuwa kocha wa leo angekuwa ameshafungishwa virago. Lakini aliachwa, na hadi anastaafu mwaka 2013 alikuwa amechukua ubingwa wa ligi mara 13.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sitaki VAR ivunjwe. Mwezi Mei 2024 klabu ya Wolves ilitoa hoja kwamba iondolewe, na tarehe 6 Juni klabu zikapiga kura: 19 zikataka ibaki, Wolves wakabaki peke yao. Ligi yenyewe ilisema kwamba maamuzi sahihi katika mambo makubwa yamepanda kutoka asilimia 82 kabla ya VAR hadi 96. Hiyo ni faida, na asiyeiona ana chuki yake. Tangu Aprili 2025 umeongezwa mtambo wa kusaidia kupima kuotea, na msimu wa 2025/26 refa akawa anawatangazia watazamaji kwa kipaza sauti sababu ya uamuzi aliokwenda kuutazama kwenye video. Yote hayo ni mema. Lakini zile asilimia nne zilizobaki nazo ni za watu, na mtambo hauwezi kuwaendea watu hao ukawaambia "nimekosa". Hiyo ni kazi ya binadamu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo, ambayo naamini hata mtoto wa darasa la tano atayaelewa.

Kwanza, waamuzi wakigundua ndani ya nusu dakika kwamba wamekosea katika bao, wapewe ruhusa ya kusimamisha mchezo na kurekebisha. Sheria inayomzuia mtu kusahihisha kosa alilokwisha kuliona inalinda saa ya mchezo, hailindi haki.

Pili, macho ya mwamuzi yasiwe mtumwa wa saa. Ikiwa dunia nzima imeona mpira umeingia, yule aliye mbele ya video aseme, hata kama mtambo umenyamaza.

Tatu, mazungumzo ya waamuzi wa video katika maamuzi yenye utata yatolewe mapema baada ya mechi, pasingojewe hadi kelele zizidi.

Nne, klabu zijiwekee utaratibu wa kumpima kocha mwisho wa msimu, kama tunavyowapima wanafunzi mwisho wa mwaka. Akivunja sheria au akikosa adabu aondoke hata leo. Lakini afukuzwe kwa kazi yake, asifukuzwe kwa sababu ya kibendera cha mtu mwingine.

Na sisi watazamaji tunalo la kwetu. Samatta aliondoka Villa Septemba ile ile ya 2020, akaenda Uturuki, na hapa kijijini mashabiki wakarudi kila mtu kwenye timu yake ya zamani. Lakini kijana yule aliyeniuliza swali bado yupo, sasa ni fundi baiskeli hapa njia panda. Mwezi uliopita nilimpelekea baiskeli yangu. Akiwa anaziba pancha nikamwambia, "Lile bao la Sheffield lilikuwa limeingia." Akacheka, akaniambia, "Nilijua unajua, mwalimu." Hakuongeza neno.



Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Tabora.